Joka Lisilo na Mifupa: Viumbe vya Ngano na Ishara katika Sanaa ya Lee Mei-shu wa Taiwan

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza jinsi viumbe vya ngano, yaani joka, kilin, kobe na wenzao, vinavyobeba maana katika sanaa ya kisasa ya kisiwa cha Taiwan, na hasa katika kazi ya mchoraji mmoja, Lee Mei-shu (1902–1983), ambaye alisomea uchoraji wa rangi za mafuta mjini Tokyo, kisha akautoa muda wa miaka 36 ya maisha yake kusimamia ujenzi wa hekalu. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba viumbe hivyo, ijapokuwa huchorwa na kuchongwa, kwa asili yake ni maneno. Mtu asiyeijua lugha iliyoviumba ataviona kwa ukamilifu, magamba na kucha zote, wala asipate hata nusu ya yale yanayosemwa. Na pale ambapo lugha hiyo imefukuzwa shuleni, kama ilivyofanyika Taiwan, swali huwa zito zaidi: kiumbe aliyekwisha kuchongwa katika jiwe hubaki akisema nini, na nani humsikia?

Ili hoja ieleweke, tulichukue kwanza neno letu paa. Paa ni mnyama wa mbugani. Paa ni ile sehemu ya nyumba iliyoezekwa. Kupaa ni kwenda juu. Tuseme fundi seremala achonge sanamu ndogo ya paa na kuisimamisha juu ya paa, kwa nia ya kumwombea mwenye nyumba apae katika mambo yake. Mswahili ataielewa dua hiyo papo hapo, na pengine atacheka. Jirani yake asiyejua Kiswahili ataona mnyama wa miguu myembamba aliyepotea njia. Washairi wetu wameucheza mchezo huu wa maneno tangu zamani, lakini wameucheza kwa ulimi na kalamu. Haikuwa desturi ya mafundi wetu wa mbao na chokaa kuuingiza katika nakshi zao. Kwa Wachina ndiyo desturi yenyewe. Nakshi zao ni mashairi ya namna hiyo, yaliyotungwa kwa wanyama, matunda na vyombo.

Taiwan ina lugha nyingi. Wenyeji wake wa kale husema lugha za jamii ya Kiaustronesia, ambayo Kimalagasi cha Madagaska ni tawi lake la mbali upande wa magharibi. Hata hivyo, walio wengi kisiwani ni wazao wa wahamiaji waliovuka mlango wa bahari kutoka jimbo la Fujian, hasa kuanzia karne ya 17, nao walikuja na lugha ya Kihokkien, ambayo huko huitwa pia Kitaiwani. Lugha hiyo na Kimandarini, ambacho ndicho Kichina sanifu, ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini wasemaji wake hawaelewani mpaka mmoja ajifunze lugha ya mwenziwe. Zote mbili ni lugha za toni, na mizizi yake iliyo mingi ni ya silabi moja. Kwa hiyo maneno yenye sauti moja, au sauti zinazotofautiana kwa toni tu, ni mengi mno, na mlango wa mafumbo huwa wazi daima.

Mfano ujulikanao sana ni wa popo. Kwa Kimandarini silabi ya mwisho ya jina lake ni fu, na fu iandikwayo kwa herufi nyingine ni baraka. Ndiyo sababu popo, ambaye kwetu hashirikishwi na heri yoyote, amejaa katika kuta za mahekalu ya Kichina, akichorwa watano watano kwa kuwa baraka zenyewe huhesabiwa kuwa tano. Kwa Kihokkien mambo hayaendi sawasawa hivyo. Herufi ya popo ikisomwa kitabuni hutamkwa hok, na baraka nayo ni hok. Lakini mtu wa kawaida amwonapo popo akiruka jioni humwita bit-po. Fumbo la popo, basi, ni fumbo la mtu aliyesoma. Mkulima wa Taiwan hulipokea kutoka kwa msomi, kama vile muumini wetu apokeavyo maneno ya Kiarabu katika dua.

Yako mafumbo mengine ambayo ni ya mkulima mwenyewe. Kobe kwa Kihokkien ni ku, na kudumu ni ku vilevile, tofauti ikiwa ya toni. Kwa hiyo kobe ni maisha marefu, na maandazi mekundu yaliyokandikwa katika kibao cha umbo la kobe hupelekwa hekaluni siku za sherehe. Taa ni teng, na mwana wa kiume ni teng, kwa toni ile ile. Aliyejaliwa mtoto wa kiume hutundika taa. Nanasi ni ong-lai, na ong-lai kwa toni nyingine ni kusema “neema na ije”. Jambo la kutazamwa ni kwamba nanasi ni tunda lililotoka Marekani ya Kusini na kufika pande hizo baada ya safari za Wareno na Wahispania. Halimo katika maandiko ya kale ya Uchina. Ishara yake imezaliwa katika vinywa vya wasemaji wa Kihokkien wenyewe, wala haikuhitaji idhini ya kitabu chochote.

Sasa tuzitafsiri ishara hizo tatu kwa Kimandarini. Kobe ni gui na kudumu ni jiu. Taa ni deng na mwana ni ding. Nanasi ni fengli, neno lisilo na neema yoyote ndani yake. Zaidi ya hayo, kumwita mtu kobe kwa Kimandarini ni kumtusi. Yaani ukutani mnyama ni yule yule, rangi ni ile ile, lakini mtazamaji akibadili lugha, dua hunyamaza, au hugeuka tusi. Ningeomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana ndilo kiini cha yatakayofuata.

Mafumbo hayo huweza kurefushwa hata yakawa sentensi. Katika mahekalu mengi ya Taiwan, kwenye kuta mbili zilizo kando ya mlango mkuu, huchongwa mtu mwenye bendera na mtu mwenye mpira upande mmoja, na upande wa pili mwenye mkuki wenye ubapa na mwenye kipande cha jiwe kipigwacho kama kengele. Majina ya vitu hivyo vinne yakitajwa kwa kufuatana husikika qi qiu ji qing, nayo ni sawa na kusema “tunaomba heri na furaha”. Hiyo ni sentensi kamili yenye kitenzi na yambwa, iliyoandikwa bila herufi hata moja.

Katika viumbe vyote hivyo, mkubwa ni joka, na hapa mfasiri wa Kiswahili hujikwaa. Neno joka kisarufi ni ukuzaji wa nyoka, na ukuzaji katika lugha yetu aghalabu huja na hofu au dharau. Joka la ngano zetu humeza watu. Joka la tafsiri ya Biblia ni Shetani mwenyewe. Long wa Kichina, ambaye Kihokkien humwita liong, ni mleta mvua, bwana wa mito na bahari, nembo ya wafalme, na wazazi humwombea mtoto afanane naye. Tumelitumia neno joka kwa kukosa lililo bora. Msomaji na alitoe sumu kwanza.

Umbo la joka limeelezwa katika mapokeo yanayonasibishwa na Wang Fu, msomi wa enzi ya Han. Lina pembe za kulungu, kichwa cha ngamia, masikio ya ng'ombe, shingo ya nyoka, tumbo la chaza, magamba ya samaki, kucha za tai na nyayo za chui milia, na juu ya hayo macho ambayo wapokezi hawakukubaliana ni ya nani. Magamba yake huhesabiwa kuwa 81, yaani tisa mara tisa, kwa kuwa tisa ni tarakimu ya ukamilifu. Orodha hiyo imetungwa kama fasili ya kamusi: viungo tisa vimeunganishwa kwa kiunganishi “na”, wala hakuna aliyejishughulisha kuuliza shingo ya nyoka inabebaje kichwa cha ngamia. Joka halina mifupa. Lina sarufi.

Huyu ndiye kiumbe aliyemkuta Lee Mei-shu, mtu aliyefunzwa kutafuta mfupa katika kila kitu.

Lee alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Sanxia, kusini-magharibi ya Taipei, wakati Taiwan ilipokuwa koloni la Japani, hali iliyodumu kuanzia 1895 hadi 1945. Alisomea ualimu, akapata mafunzo ya uchoraji kwa mwalimu wa Kijapani Ishikawa Kinichiro, kisha akaenda katika Chuo cha Sanaa cha Tokyo, ambako alihitimu mwaka 1934. Mwaka huo huo alishiriki pamoja na wachoraji wenziwe, miongoni mwao Chen Cheng-po na Liao Chi-chun, katika kuanzisha chama cha wachoraji cha Tai-Yang. Mwaka 1935 picha yake ya mwanamke aliyeketi kupumzika ilipata tuzo katika maonyesho makuu ya serikali ya kikoloni. Ni picha tulivu, yenye utaalamu mkubwa. Mwanga unaingia kutoka upande mmoja. Chini ya nguo kuna mwili, na mwili huo una uzito unaokilemea kiti. Kila kitu kiko mahali pake kwa sababu jicho limekiona hapo. Hakuna ndani yake kitu ambacho ungehitaji kujua Kihokkien ili ukielewe, na kwa kweli hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoifanya ikubalike mbele ya waamuzi Wajapani.

Katika picha zake za rangi za mafuta zinazojulikana zaidi, ikiwa ni pamoja na ile ya mwaka 1948 iliyoonyesha wanawake wa mashambani wakati wa machweo, hamna joka wala kilin. Tusidhani kwamba alivisahau. Mtaala wa Tokyo ulikuwa na mipaka yake: uchoraji wa mafuta ulihesabiwa kuwa elimu ya vitu vionekanavyo, na viumbe vya ngano viliachiwa mafundi wa mahekalu, watu ambao hawakuitwa wasanii. Mgawanyo huo, nathubutu kusema, ulikuwa pia mgawanyo wa lugha. Studio ilisema Kijapani. Hekalu lilisema Kihokkien.

Hekalu la Sanxia ni la Qingshui Zushi, mtawa wa zamani wa wilaya ya Anxi katika Fujian ambaye wahamiaji kutoka huko walimfanya mlinzi wao. Lilijengwa katika karne ya 18, likabomoka kwa tetemeko la ardhi mwaka 1833, likajengwa tena. Mwaka 1895, Wajapani walipoingia na watu wa mji huo wakawapinga kwa silaha, lilichomwa moto. Likajengwa upya miaka michache baadaye. Kufikia mwisho wa utawala wa Japani lilikuwa limechakaa. Tena, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imeendesha kampeni ya kuyafunga mahekalu mengi ya kisiwa hicho na kuyaunganisha mengine, sambamba na juhudi za kuwafanya watu wa Taiwan wawe Wajapani kwa lugha, majina na ibada.

Wazee wa mji walimkabidhi Lee kazi ya kulijenga upya mwaka 1947. Mwaka huo hauwezi kutajwa kijuujuu. Tarehe 28 Februari uliwaka mgogoro kati ya wananchi na serikali mpya iliyotoka bara, nao ulizimwa kwa mauaji makubwa. Chen Cheng-po, rafiki na mchoraji mwenza wa Lee, diwani wa mji wa Chiayi aliyekuwa ameteuliwa kwenda kufanya mazungumzo ya amani na wanajeshi, alipigwa risasi hadharani mbele ya kituo cha gari la moshi cha mji wake tarehe 25 Machi. Wapo wasanii walionyamaza baada ya hapo, na wapo waliochora maua na mandhari tu. Lee hakuacha kuchora, lakini nguvu zake zilizo nyingi alizipeleka hekaluni, mahali ambapo mtu angeweza kusema mengi bila ya kutamka neno.

Alichokifanya pale hakikuwa cha kawaida. Fundi wa kawaida wa mahekalu hunakili kielelezo alichoachiwa na mwalimu wake, naye huharakishwa na mfuko wa wafadhili. Lee alikataa haraka. Alidai mawe na mbao zichongwe kwa mkono, akawaleta baadhi ya wanafunzi wake wa chuo wafanye kazi bega kwa bega na mafundi wa kienyeji, akaingiza sanamu za shaba nyeusi ambazo si za desturi ya mahekalu ya huko, naye alisahihisha michoro yeye mwenyewe. Nguzo za mawe zimechongwa tabaka juu ya tabaka, hata mtu huweza kuona nafasi nyuma ya mwili wa joka, jiwe likiwa limeachana na jiwe. Misuli ya joka imejaa pale inapojipinda na kulegea pale inapojinyoosha. Kwa ufupi, Lee alilitia joka mifupa.

Nguzo zinazosifiwa kupita zote hazina hata joka. Ni nguzo za ndege mia, ambapo ndege wa aina mbalimbali, kila mmoja kwa mkao wake, wameuzunguka mti wa mei, ule mti wa plamu unaochanua maua katika baridi. Katika mapokeo, ndege hao mia humzunguka malkia wao, ndege wa ngano ambaye Wazungu humlinganisha na feniksi. Hapa malkia hayupo, na mahali pake umewekwa mti. Ndege wenyewe ni ndege wa kweli, waliotazamwa kwa jicho la mchoraji wa mafuta. Nalo jina Mei-shu maana yake ni mti wa mei. Msomaji wa Kichina hawezi kuzipita nguzo hizo bila kulikumbuka jina la msimamizi. Mtu ambaye picha zake za mafuta hazikuwa na mafumbo ya sauti ameacha hekaluni fumbo linalolingana na jina lake mwenyewe.

Je, ni faida tupu? Sidhani. Kiumbe wa ngano akitiwa mifupa huanza kudai mambo ambayo hakuyadai awali. Joka la fundi wa zamani, lenye macho ya duara na meno kama ya msumeno, halikukuomba uamini kwamba lingeweza kutembea. Lilikuomba ulisome. Joka la Lee hulistaajabia kwanza kama mwili, na mshangao huo huchelewesha usomaji. Wageni wengi wafikao Sanxia leo husifu ustadi, wakapiga picha, wakaondoka. Na ustadi wenyewe ndio uliowashibisha wasiulize maneno. Hata hivyo, hatuwezi kumlaumu Lee peke yake kwa hilo. Kanuni ya kuingia na kutoka aliiacha kama ilivyokuwa, kwamba mtu aingie kwa mlango wa upande wa joka na kutoka kwa mlango wa upande wa chui milia, na atembeaye hivyo anaisoma nakshi kwa miguu yake hata asipojua.

Katika viumbe hivyo yuko mmoja ambaye pwani yetu inamdai. Kilin ana mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, kwato, na pembe moja. Hakanyagi nyasi zilizo hai, wala haonekani isipokuwa wakati wa mtawala mwadilifu. Mwaka 1414 twiga aliyeletwa na ujumbe wa Bengal alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa enzi ya Ming, na mwaka 1415 akafika mwingine na ujumbe wa Malindi. Watu wa makao ya mfalme walimtangaza mnyama huyo kuwa kilin. Msomi Shen Du alitunga utenzi wa kumsifu, na picha ya twiga yenye utenzi huo imehifadhiwa hata leo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kasri mjini Taipei. Ndani yake twiga anaonekana dhahiri kuwa twiga, mwenye shingo yake na mabaka yake, akishikwa kamba na mtunzaji. Lakini maandishi yaliyo juu yake yanasema ni kilin, na kwa waliokuwapo maandishi yalilishinda jicho. Wapo waliodai kwamba jina lenyewe lilisaidia, kwa kuwa neno la Kisomali la twiga, geri, halikuwa mbali sana na masikio ya Wachina.

La kuvutia mwanalugha ni yaliyofuata. Kijapani hadi leo humwita twiga kirin, neno lile lile la mnyama wa ngano. Kihokkien cha Taiwan humwita ki-lin-lok, yaani kulungu-kilin. Kimandarini kimeacha ngano hiyo na kumwita kulungu wa shingo ndefu. Kwa hiyo mtoto wa Sanxia aliyelelewa kwa Kihokkien na kusomeshwa kwa Kijapani, kama alivyokuwa Lee, alikuwa na lugha mbili ambamo mnyama wa bustani ya wanyama na mnyama wa ukuta wa hekalu walikuwa jamaa. Mtoto aliyesomeshwa kwa Kimandarini baada yake aliwapata wakiwa wametengana.

Na watoto hao waliosomeshwa kwa Kimandarini walikuwa wengi. Serikali iliyochukua madaraka mwaka 1945 iliifanya lugha hiyo kuwa ndiyo pekee ya shule na ofisi. Chini ya sheria ya kijeshi, iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1987, mwanafunzi aliyenaswa akisema Kihokkien, Kihakka au lugha mojawapo ya wenyeji wa kale alitozwa faini, au alivishwa shingoni kibao cha kumwaibisha mpaka amnase mwenziwe. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa zaidi habari za kibao hicho. Kilivaliwa katika shule zetu pia. Mwaka 1976 sheria ya utangazaji ikapunguza nafasi ya lugha hizo katika redio na televisheni. Wakati huo wote nyundo za Sanxia zilikuwa zikigonga mawe, zikichonga kobe na popo kwa ajili ya kizazi kilichokuwa kikifundishwa kutoyasikia majina yao.

Kizazi hicho ndicho kilichowaingiza viumbe wa ngano katika uchoraji wa rangi za mafuta. Yang Mao-lin, aliyezaliwa mwaka 1953, ni mmoja wa waanzilishi wa kundi la 101 la mwaka 1982. Katikati ya miaka ya 1980 alichora mashujaa wa ngano kongwe za Uchina kwa miili mikubwa yenye misuli na rangi kali, nao walikuwa wakiteseka zaidi kuliko kushinda. Mtazamaji wa wakati huo aliweza kuelewa ni mateso ya nani. Huu ni ujasiri ambao hatuna budi kuuheshimu. Lakini tukitazama kwa sikio la mwanalugha tutaona badiliko: viumbe hawa wametoka vitabuni, wamesomwa darasani kwa lugha ya darasani, na maana yao iko katika kisa chao. Hakuna hata mmoja ambaye jina lake likitamkwa hujibu kwa jina jingine. Kadhalika, alipoingia katika mfululizo wake wa mwisho wa miaka hiyo, Yang aliandika juu ya turubai, kwa herufi kubwa za Kilatini, yale maneno ya Kiingereza yapigwayo mhuri kwenye bidhaa za viwandani za kisiwa hicho kuonyesha kwamba zimetengenezwa Taiwan. Picha sasa ilihitaji maandishi ili itambulike ni ya wapi, tena maandishi ya watu wengine. Nanasi moja lingetosha, lau mtazamaji angelikuwa na sikio la babu yake.

Hata hivyo, ushahidi hauegemei upande mmoja. Ingekuwa rahisi kudai kwamba mafumbo yote ya Kihokkien yalizikwa pamoja na vibao vya shuleni, lakini sivyo. Wakati wa uchaguzi, wagombea wa Taiwan hupewa mananasi na figili nyeupe mbele ya umati. Figili kwa Kihokkien ni chhai-thau, sauti inayotofautiana kwa toni tu na ile ya ishara njema, ilhali kwa Kimandarini ni luobo, isiyo na maana zaidi ya mboga. Katika umati huo wamo vijana wasioweza kuuendesha mjadala kwa Kihokkien kwa dakika tano, nao hupiga kelele za ong-lai kwa toni sahihi. Fumbo la sokoni limedumu kuliko la ukutani. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba nanasi huuzwa kila siku na muuzaji hulitaja kwa jina lake, bali popo wa mawe hakuna anayemtaja. Kobe yuko katikati: katika visiwa vya Penghu, sikukuu ya taa ifikapo, watu bado huazima hekaluni kobe wa mchele, na anayemchukua huahidi kumrudisha mwaka unaofuata akiwa mkubwa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 2018 bunge la Taiwan lilipitisha sheria ya kuendeleza lugha za taifa, ambayo inazipa lugha za kisiwa haki sawa na kuziingiza katika mitaala ya shule. Lee alikuwa amekwisha kufariki miaka 35 kabla, mwezi Februari 1983, hekalu likiwa halijakamilika. Baadhi ya nguzo zilizokuwamo katika mpango wake hazijasimamishwa.